Jogoo wa Sadaka

Wiki jana tulimwacha jogoo hewani, na nyinyi mkaninunia wiki nzima. Haya, leo ametua. Ametua begani kwa sanamu ya Mtakatifu Yosefu, upande wa kulia wa altare, akajikung'uta, akawatazama waumini wote wa mtaa wa Kapata kama mtu anayetafuta jamaa zake, halafu akawika.

Kanisa zima likaangua kicheko. Hata Padri aliinamisha uso ndani ya kitabu cha misa, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Kwa wale ambao gazeti lao lilifungiwa mikate kabla hawajalisoma, niseme kwa ufupi. Wakati wa matoleo, Henri alipanda altareni na jogoo mwekundu mkononi, fulari ya buluu, kile kitambaa cha Udugu wa Mtakatifu Yosefu, shingoni, na uso wa mtu ambaye ameshaonyeshwa kiti chake mbinguni. Ghafla Ngeleka, mwanachama wa Udugu huo huo, akachomoka kwenye benchi lake, akapenya katikati ya masista, akamnyakua yule jogoo miguu.

"Huyu jogoo iko yangu! Ulimutosha ku nyumba yangu!"

Henri akashika mabawa. Ngeleka akashika miguu. Wakavutana pale pale mbele ya mkate na divai, hadi jogoo akawachoka wote wawili akaruka.

Na Kabamba wetu? Kabamba alikuwa benchi la tatu, akitamani sakafu ifunguke immeze. Yeye ndiye aliyemshika Ngeleka mkono siku alipoingizwa katika Udugu, na kwa desturi yao aliyekushika mkono anakujibia maisha yako yote. Ukifanya aibu kanisani, aibu ni yenu wawili. Kwa miaka mingi Kabamba alikuwa amemjibia Ngeleka makosa madogo madogo: kusinzia wakati wa mahubiri, kuimba besi kwa sauti ya lori linalopanda mlima, kumkonyeza mkewe wakati wa Baba Yetu. Lakini kunyang'anya sadaka? Hilo halikuwahi kutokea tangu kanisa lijengwe.

Misa ilipokwisha, Tata Kitenge, prezida wa Udugu, alikuwa amesimama mlangoni kifua mbele.

"Tunahukumu leo leo," alisema. "Kosa ya mu kanisa hailalake."

Hapo hakucheka mtu tena, kwa sababu kila mmoja alijua leo ilikuwa siku gani kwa Ngeleka.

Alasiri hiyo treni ya kwenda mkoa wa Kasai ilikuwa inaondoka, na Ngeleka, mkewe Mushiya na watoto wao walikuwa wapande. Hawakutaka. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa katika nyumba za Kapata walimozaliwa, na wengi wao Kasai yenyewe waliijua kwa kusimuliwa tu. Barabara ya kwenda gare, kituo cha treni, vijana walikuwa wameifunga kwa matairi. Familia iliyopita peke yake ilifika bila godoro na bila viatu, na wengine walifika wamevunjwa mikono.

Lakini Udugu ulikuwa na dawa yake. Ndugu akifukuzwa, wenzake wote walivaa fulari, wakaizunguka familia yake, wakaisindikiza hadi gare wakiimba. Hadi siku hiyo hakuna kijana aliyethubutu kurusha hata jiwe, maana chini ya zile fulari walikuwa baba zao na wajomba zao.

Huo ulikuwa msaada wa ndugu kwa ndugu. Ngeleka akivuliwa fulari mchana huu, ataipita ile barabara na Mushiya na watoto, peke yao.

Kabamba akamvuta pembeni, nyuma ya kengele.

"Ndugu Ngeleka, lomba pardon. Neno moja tu. Useme shetani alikupanda ku kichwa."

"Siombe."

"Juu ya jogoo? Bibi yako iko na bagaji mu njia, na weye uko napigania jogoo?"

Ngeleka akamtazama kwa macho mekundu. "Banabeba kitanda, nikanyamaza. Banabeba radio, nikanyamaza. Banabeba hata mulango, Kabamba, mulango na bawaba yake. Leo banapelekea Mungu jogoo yangu na jina ya mutu mwingine? Nikilomba pardon, njo kusema jogoo iko ya Henri. Hapana, tata. Hii moja hapana."

Moyoni Kabamba alimwonea huruma na palepale alitamani kumzaba kofi.

Kesi ikafunguliwa ukumbini. Ngeleka akasimamishwa katikati, fulari yake imegeuzwa ndani nje, ndiyo desturi ya mshitakiwa. Henri akaulizwa alikompata jogoo.

"Nilimukuta mu njia," alisema Henri, laini kama siagi. "Jogoo alikuwa anatembea. Nikasema, huyu apelekewe Mungu, mbele ya bezi kumubeba."

Ndugu wote wakatazama sakafu. Siku zile karibu kila nyumba ya Kapata ilikuwa na kitu kilichookotwa njiani. Kiti alichokalia prezida nacho kilikuwa na mto mpya wa kitambaa cha maua, lakini tusiulize.

"Kesi haiko ya jogoo," Kitenge akasema haraka. "Kesi iko ya altare. Hata kama jogoo iko yako, haubebe sadaka mbele ya Padri! Ngeleka, unalomba pardon?"

"Siombe."

"Bon." Kitenge akageuka. "Ndugu Kabamba. Weye njo ulimushika. Unashika mukono yake, ao unaachilia?"

Hilo ndilo swali Kabamba alilokuwa analiogopa tangu jogoo aruke. Akiachilia, hakuna kura: Ngeleka ametoka. Akishika, ndugu watapiga kura, na Ngeleka akishindwa, wanatoka wote wawili. Na vijana wa matairi watasikia kabla ya jioni kwamba Kabamba ni mpenzi wa watu wa Kasai. Kabamba alikuwa na nyumba yenye mlango. Aliupenda mlango wake.

"Prezida," akasema, "nilombe mayi ya kunywa kwanza."

Ndugu wakaguna. Shujaa wetu akatoka mbio, akaenda moja kwa moja jikoni nyuma ya ukumbi, mahali anapokwendaga kila mambo yakimzidi, kwa mkewe.

Mama Blandine Jumapili hiyo alikuwa zamu ya jiko la parokia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono imejaa manyoya mekundu hadi kwenye viwiko. Pembeni yake Mushiya, mke wa Ngeleka, alikuwa anakoka moto, mizigo yao imepangwa ukutani, watoto wamekaa juu yake.

"Huyo njo jogoo?" Kabamba akashangaa.

"Sadaka ya miguu miwili inakuyaka ku jikoni," Blandine akajibu. "Ao ulitaka abakie ku bega ya Yosefu mupaka Pasaka?"

"Blandine, banauliza kama nashika mukono ao naachilia. Nifanye je?"

"Banauliza weye, ao banauliza bibi yako?"

"Mama, usiniseke."

"Ninakuseka juu uko nachekesha. Tangu ndoa yetu, Padri anakuuliza kama unanikubali, weye unamuangalia mama yako kwanza." Akang'oa unyoya wa mwisho. Kisha sauti ikashuka. "Unamupenda Ngeleka?"

"Ni ndugu yangu."

"Basi usikilize. Bale batata, bale bazee mule ndani, nyama balikulya lini?"

Kabamba akafikiri. Tangu mashine za mgodi wa Mashamba zinyamaze, kampuni ilikuwa imesahau kwamba ina wafanyakazi, na wafanyakazi walikuwa wamesahau sura ya nyama. "Hata sikumbuke," akasema.

"Na sheria yenu ya kulya inasema je?"

Hapo Kabamba akamtazama mkewe, na taratibu mdomo wake ukafunguka. Kila ndugu aliijua sheria ile. Mshitakiwa akisamehewa, ndugu wote hula naye katika beseni moja, na aliyekula naye amekwisha kumsamehe, hana tena mdomo wa kumhukumu. Asiyemsamehe hali.

"Lakini kura njo kwanza, kulya kisha," akasema.

"Njo vile. Na mi ni mwanamuke, sijue mambo yenu ya mbele na ya kisha." Blandine akamtosa jogoo chunguni. "Enda ubaimbishe. Muimbe sana. Huyu ni muzee, hata moto inamuogopa."

Kabamba akarudi ukumbini na jasho usoni. Lakini kichwani alikuwa na kitu cha kufanya, na hilo lilimtuliza.

"Prezida, sheria inanipa ruhusa ya litania mbele ya kujibu. Yote. Na wimbo."

Kitenge hakufurahi. Lakini huyu ni mtu anayependa sheria kuliko usingizi, na sheria hiyo ilikuwepo. Wakapiga magoti.

Kabamba akaanza. Aliimba polepole, akivuta kila jina la Mtakatifu Yosefu kama anayevuta ndoo kisimani. Ndugu wakaitikia: utuombee. Mlinzi wa familia, utuombee. Kioo cha uvumilivu, utuombee.

Walipofika kwenye tumaini la wagonjwa, harufu ikaingia.

Ilipita chini ya mlango: kitunguu, nyanya, mawese, na nyuma ya vyote hivyo, kuku. Kuku wa kweli. Maitikio yakaanza kulegea. Mmoja akaitika kabla ya kuombwa. Mwingine akameza mate kwa sauti, akajifanya anakohoa. Litania ikaisha, na Kabamba, bila haya yoyote, akaianza tena kutoka mwanzo.

"Kabamba!" prezida akanguruma.

"Sikuiimba na moyo, prezida. Narudilia."

Na wakarudilia kweli, hadi mlango ukafunguka kwa teke la mguu. Blandine akaingia na beseni la bukari, ugali wetu, kichwani, na nyuma yake Mushiya na chungu kinachofuka moshi.

"Pardon, batata. Nilisikia kimya, nikasema kesi imeisha."

Kimya gani, jamani! Walikuwa wanaimba hata kwenye makaburi walisikika. Lakini hakuna aliyemsahihisha. Blandine akaweka beseni mbele ya prezida, akainua kifuniko cha chungu karibu kabisa na pua yake, akashikilia hapo.

Kitenge akafungua mdomo akemee. Mdomo ukajaa mate.

Mimi sitaki kumsingizia mtu mzima mwenye heshima zake. Nitasema tu kwamba mkono wa kwanza kuingia kwenye beseni ulikuwa na pete ya prezida wa Udugu wa Mtakatifu Yosefu. Wa pili na wa tatu ilifika pamoja, ikagombana. Baada ya hapo ukumbi ulikuwa ni sauti ya kutafuna tu, na mzee mmoja wa korasi alikuwa analamba kidole gumba huku amefumba macho.

Ngeleka alikuwa bado amesimama katikati na fulari yake ya kinyumenyume. Mushiya akamkatia bukari mwenyewe.

"Kulya, tata."

"Jogoo yangu, Mushiya."

"Njo juu ya vile. Mu njia batamubeba tena. Mu tumbo habatamubeba."

Ngeleka akamtazama mkewe. Kisha akacheka, kicheko kilekile cha besi kilichokuwa kimempotea tangu nyumba yake ibomolewe mlango, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Hakuyapangusa. Akaketi kati ya ndugu zake, akala, na Kabamba akamsukumia paja.

Beseni lilipobaki tupu, Blandine akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Tata prezida, mi ni mujinga, munifundishe. Ile sheria ya kulya na mushitakiwa inasemaka je?"

Mfupa ukasimama mdomoni kwa Kitenge. Akautazama mkono wake unaong'aa mawese. Akalitazama beseni. Akamtazama Blandine, ambaye uso wake ulikuwa mpole kama wa malaika wa sanamu. Ukumbi mzima ukaelewa kwa pamoja, na wa kwanza kucheka alikuwa yule mzee wa korasi, akacheka hadi akapaliwa.

"Inasema," Kitenge akasema kwa shida, "ule anakulya naye... amesamehe." Akautoa mfupa. Halafu, kwa heshima yake niseme, naye akacheka. "Ngeleka, geuza fulari yako. Bandugu, mutoke, treni haingoje."

Basi furaha ikawa kubwa, na katika furaha hiyo hakuna aliyeona kwamba mahali pa Henri palikuwa patupu. Henri hakuwa amekula hata tonge. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Walitoka kwa mpango wao wa siku zote: mkokoteni wa mizigo katikati, watoto juu, Mushiya na Blandine pembeni, na fulari za buluu zimewazunguka. Blandine alikuwa amesema atamsindikiza rafiki yake hadi gare, na Kabamba hakuwa na ubavu wa kumkatalia siku hiyo. Wakaimba. Watu wa Kapata walitoka milangoni kuwatazama. Wengine walipunga mkono, wengine waligeuka wakaingia ndani, na mama mmoja alilia waziwazi.

Njiani Kabamba akaushika mkono wa Ngeleka. Ukumbini alikuwa hajajibu lile swali, na hakuna aliyemkumbusha. Sasa alikuwa anatembea katikati ya barabara, mchana kweupe, amemshika Ngeleka mkono mbele ya macho ya majirani wote. Aliogopa sana. Lakini hakuachilia.

Mbele wakayaona matairi, yale makubwa ya malori ya mgodi, yamelazwa njia nzima. Vijana walikuwa wameketi juu yake na fimbo magotini. Na mbele ya vijana alikuwa amesimama Henri, fulari yake shingoni, mikono mfukoni.

Wimbo ukafa.

"Henri," Kitenge akaita, "tosha mataeri."

"Ngeleka apite," Henri akasema. "Bandugu balikulya, balisamehe, sheria ni sheria. Mi siko mutu mubaya."

Akawaashiria vijana. Tairi moja likasukumwa pembeni, mkokoteni ukaanza kupita. Mushiya akapumua. Kabamba akahisi mkono wa Ngeleka unalegea ndani ya wake.

"Lakini kuko mutu moja munasahau," Henri akaendelea, na sasa alikuwa anatabasamu. "Mama Blandine. Weye, mama yako alizaliwaka wapi?"

Siri hiyo Kabamba alidhani wanaijua wawili tu, yeye na mkewe. Miaka yote mtu akiuliza, jibu lilikuwa moja: Sandoa. Mama ya Blandine ni wa Sandoa. Neno dogo, halijawahi kumdhuru mtu. Akafungua mdomo alitoe.

Blandine akamwahi.

"Mwene-Ditu," akasema. "Mama yangu ni mu-Kasai wa Mwene-Ditu. Na mi nilizaliwa hapa hapa Kapata, nyumba ya pili nyuma ya ile nguzo. Unataka na jina ya mama ule alinipokea, ao utaiuliza siku ya jogoo ingine?"

Kijana mmoja akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Basi," Henri akasema, "treni iko na nafasi. Bibi anaenda, bwana anabakia na nyumba yake. Fulari inasindikiza ule anaenda. Hailinde ule anabakia. Njo sheria, ao nadanganya, prezida?"

Kitenge akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake sheria ilikuwa imemtia aibu.

Kabamba akauachia mkono wa Ngeleka. Akapeleka mikono shingoni, akaanza kufungua fulari yake.

Ndugu waliona, na wengi wakatazama chini. Kitenge akafumba macho. Blandine, aliyekuwa hajakosa jibu tangu asubuhi, akasema kwa sauti ndogo, "Tata?"

Fundo lilikuwa gumu. Hatimaye likafunguka. Akapiga hatua hadi kwa mkewe, akaizungusha ile fulari ya buluu shingoni mwake, akaifunga vibaya vibaya, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Tangu Udugu uanze hakuna mwanamke aliyewahi kuivaa.

"Huyu ni ndugu," Kabamba akasema, na akaushika mkono wa Blandine mbele yao wote. "Anabakia Kapata. Mi njo namushika. Nani anakatala?"

Hakumuuliza Henri. Aliwauliza wenzake waliokuwa nyuma yake, wenye mawese midomoni, na wenzake wakatazamana.

Henri akawangoja kidogo. Kisha akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi, na juu ya matairi vijana wakaanza kusimama. Haya, mninunie tena hadi wiki ijayo.